Mshale Uliotunyang'anya Njia

Bibi yangu aliishi Pangani mjini. Nilipokuwa na miaka tisa alinipa mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa, nimpelekee mdogo wake Bweni, ng'ambo ya mto. Aliniambia: ukishuka kwenye pantoni usifuate barabara kubwa, shika kijia cha mkono wa kulia kinachopita minazini. Utakikuta kisima kilichobomoka ukingo. Hapo simama usikilize, utaisikia mashine ya kukoboa. Ifuate sauti, lakini usifike kwenye mashine. Nyumba ya tatu kabla yake, yenye mlango wa bluu, ndiyo hiyo. Niliyarudia maneno yale pantoni nzima. Nilipotea mara moja, nikarudi kisimani, nikaanza upya. Ule mlango wa bluu ulipofunguliwa nilijiona nimekua.

Ladha ile ya kuelekezwa kwa maneno sikutegemea kuikuta tena ndani ya kompyuta. Nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kompyuta na simu hapa Ngamiani, Tanga. Siku moja nilikwenda Mombasa kutafuta vipuri, nikaona kwenye meza ya mitumba diski moja yenye jalada la rangi ya ngozi kuukuu. Nikavuka nayo mpaka wa Horohoro ndani ya mfuko wa nguo. Ilikuwa gemu iitwayo Morrowind, iliyotolewa mwaka 2002 na studio ya Kimarekani ya Bethesda, ya tatu katika mfululizo mkuu wa The Elder Scrolls.

Unaanza ukiwa mfungwa melini. Unashushwa kwenye kijiji cha pwani kiitwacho Seyda Neen, katika kisiwa chenye mlima wa volkano katikati na dhoruba za majivu. Unapewa kifurushi, unaambiwa umpelekee mzee mmoja katika mji wa Balmora. Basi, umeachiwa dunia. Mzee ukimpata anakutuma kwa mtu mwingine, na huyo naye hasemi lolote mpaka umletee kijisanduku cha mchemraba kutoka kwenye magofu ya Arkngthand. Anakueleza njia kwa maandishi: toka mjini, ipite ngome, tafuta daraja la kale lililovuka bonde la majivu. Ukifika, mlango haufunguki mpaka uzungushe gurudumu la chuma kwenye bomba lililo jirani. Kijisanduku chenyewe ni kidogo, kimekaa rafuni, na hakuna kinachomulika kukuonyesha kwamba ndicho.

Mimi kilinichukua usiku tatu. Maandishi yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo niliweka kamusi pembeni na kaunta buku, nikawa natafsiri kila maelekezo kwa Kiswahili na kuchora vijiramani vyangu. Usiku wa pili umeme ukakatika, nikakaa gizani nikisoma daftari kwa tochi ya simu, nikagundua kuwa nilikosea neno moja: nilipaswa kuvuka daraja, nami nilikuwa napita chini yake. Kaunta buku hiyo ninayo hadi leo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kugusa gemu za namna hii, nieleze kidogo. Katika vibanda vyetu vya gemu, kuanzia Makorora hadi Chumbageni, kinachochezwa zaidi ni mpira, magari na ngumi. Unalipia mechi, unacheza, unampisha mwenzako. Gemu za RPG ni jambo jingine. Humo unavaa uhusika wa mtu: unamchagulia asili yake, ujuzi wake, udhaifu wake, kisha unaishi naye wiki au miezi. Asili yake ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Watu wanakaa kuizunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanasema wanafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua kama jambo limefaulu. Kompyuta ilikuja kuchukua kiti cha msimulizi. Kwa hiyo gemu ya RPG inapimwa kama msimulizi anavyopimwa. Je, anakusikiliza? Ukifanya jambo ambalo hakulitarajia, hadithi inageuka, au anakurudisha kwenye mstari wake?

Swali hilo ndilo linalotukalisha barazani. Kila Jumamosi baada ya swala ya Isha nikishafunga kibanda, tunakaa kwenye benchi na birika la kahawa chungu na kashata: mimi, mwalimu mmoja wa hisabati wa sekondari, na kijana mwendesha bodaboda niliyemjua tangu akiwa mtoto anayechungulia dirishani kwangu. Wengine huja na kuondoka. Mada huanza na mengine lakini hurudi palepale: studio iliyotengeneza Morrowind imepoteza ufundi, au sisi tumezeeka?

Mimi nasema imepoteza, na naweza kuonyesha ilipoanza kuporomoka.

Mwaka 2006 ilitoka Oblivion, iliyoifuata Morrowind katika mfululizo ule mkuu. Picha zake zilikuwa nzuri ajabu kwa wakati ule, misitu ya kijani, jua likipenya majani. Watu wote sasa walizungumza kwa sauti, na mfalme mwenyewe sauti yake ilikuwa ya mwigizaji Patrick Stewart. Lakini juu ya kioo kukawekwa dira, na kwenye dira mshale. Ukipewa kazi, mshale unakuonyesha mlango, pango, hata mtu unayemtafuta aliyejificha. Mimi nayaona mambo haya mawili, sauti na mshale, kuwa ndugu wa tumbo moja. Maandishi ni rahisi. Mwandishi anaweza kukupa aya tatu za kisima na kijia na mashine ya kukoboa. Sauti inahitaji mwigizaji, chumba cha kurekodia na malipo ya kila mstari, na kwa lugha zaidi ya moja. Basi maneno yakapunguzwa. Maneno yakipungua, hakuna tena nafasi ya kukueleza njia, na asiyeelezwa njia lazima aonyeshwe kwa mshale.

Kuna lingine la Oblivion lililoniumiza zaidi. Dunia yote hukua pamoja nawe. Ukipanda ngazi, maadui nao wanapanda. Unafikia mahali mnyang'anyi wa barabarani anakusimamisha akitaka sarafu mia moja, ilhali mwili wake umefunikwa kwa deraya ya thamani ya maelfu. Katika Morrowind kulikuwa na mapango ambayo ukiingia mapema unakufa, na unajua ni kosa lako. Miezi mitatu baadaye unarudi, unamshinda aliyekukimbiza, na furaha yake ni ya kweli. Ukiwafanya maadui wote walingane nawe kila siku, kukua kwako kunakuwa hakuna maana.

Kisha hesabu ya ujuzi. Morrowind ilikuwa na fani 27 za ujuzi. Oblivion zikabaki 21. Skyrim, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, ikawa na 18, na zile sifa nane za mwili na akili, kama nguvu, wepesi na bahati, zikafutwa kabisa. Fallout 4 ya mwaka 2015, ya mfululizo mwingine wa studio hiyohiyo, ikampa mhusika wako sauti yake, na mazungumzo yakawa ya majibu manne tu, kila moja limefupishwa kiasi kwamba hujui hasa utakachosema mpaka kimekutoka. Fallout 76 ilipotoka Novemba 2018 haikuwa na binadamu wa kuzungumza naye hata mmoja isipokuwa wachezaji wenzako. Ulisikiliza kanda za marehemu na kuongea na maroboti. Watu wa kuzungumza nao waliletwa kwa nyongeza ya Aprili 2020.

Kijana wa bodaboda husubiri nifike hapo, ndipo aniambie neno ambalo kwa muda mrefu sikuwa na jibu lake.

"Kaka," anasema, "mimi kutwa nzima niko juu ya pikipiki natafuta nyumba za watu. Barabara ya Kumi na Tano, geuka kwenye duka la mkaa, uliza kwa mama muuza mbaazi. Kutwa nzima. Nikirudi usiku unataka tena nitafute pango?"

Yeye aliingia kwenye gemu hizi kupitia Skyrim, kwenye PlayStation ya kaka yake kule Mikanjuni. Anasema bila ule mshale asingefika popote, kwa sababu Kiingereza alikuwa hajui na hakuwa na kamusi wala subira. Alipanda mlima akiongozwa na mshale, akasimama juu, theluji ikianguka na muziki wa Jeremy Soule ukilia, akaona bonde lote chini yake. Anasema alitokwa machozi, naye hajawahi kuona theluji. Nani atamwambia kwamba kile hakikuwa kitu?

Mwalimu naye huleta hesabu zake. Mwaka 2023 Todd Howard, aliyeongoza utengenezaji wa gemu hizi tangu Morrowind, alisema Skyrim imeuzwa zaidi ya nakala milioni 60. "Fundi," huniambia, "studio haiwezi kuandikia watu wenye kaunta buku peke yao. Mishahara italipwa na nani?"

Na mimi ni mtu wa Tanga. Najua jinsi kuililia zamani kunavyoweza kumpofusha mtu. Hapa kwetu ukikaa na wazee wa klabu yetu ya mpira, Coastal Union, utausikia mwaka 1988 kila siku, mwaka ambao Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa ligi. Kila mchezaji wa leo anapimwa kwa miguu ya wale wa 1988, na miguu ile inazidi kuwa mizuri kadiri miaka inavyopita. Nilijiuliza kama na mimi nimekuwa vile. Nikairudia Morrowind juzi juzi, mwezi mzima, kwa jicho kali. Kasoro zipo. Unatembea polepole mno. Upanga unapita mwilini mwa adui na kompyuta inasema umekosa, kwa sababu dadu imekataa. Mazungumzo mengine ni kama kusoma kamusi, kila mwanakijiji anarudia maneno ya jirani yake. Na baadhi ya maelekezo yana makosa ya wazi. Unaambiwa mashariki, kumbe ni magharibi. Yote hayo nayakiri.

Jibu nililipata kwa wazee wa bao.

Jirani na kibanda changu kuna mkungu, na chini yake tangu alasiri wazee wanacheza bao la Kiswahili. Mashimo 32, kete 64. Mnaanza kila mmoja ana kete 22 mkononi na nyingine 10 zimepangwa, sita kati yake ndani ya shimo liitwalo nyumba. Kwanza ni kunamua, kete zinaingia moja moja. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji. Kuna kichwa, kuna kimbi, kuna kutakata, kuna sheria za nyumba peke yake ambazo mtu anaweza kuchukua mwaka kuzielewa. Mchezaji hodari anaona mizunguko kadhaa mbele, kete zikigeuka na kurudi, yote kichwani.

Watoto hawaanzi hapo. Wao huwekewa kete mbili mbili kila shimo, bila kunamua, wakacheza bao la kujifunza. Nilimuuliza mzee mmoja kama bao la watoto haliwezi kuharibu bao lenyewe. Aliniangalia kwa mshangao. "Mwanangu," akasema, "la watoto ni ngazi. Ngazi ikivunja nyumba, hiyo si ngazi."

Nilirudi kwenye benchi nikiwa na jibu la kijana wangu. Mshale siyo dhambi. Mshale ni kete mbili mbili. Dhambi ni kwamba studio ilijenga ngazi kisha ikaibomoa nyumba. Ukiuzima mshale katika Skyrim huwezi kufika mahali pengi, kwa sababu hakuna aliyekueleza njia. Mtu anakwambia nenda ukaniletee upanga wa baba yangu, na hasemi uko wapi. Anajua mshale utakwambia. Maneno ya bibi yangu hayapo chini ya mshale. Laiti yangekuwepo, kijana angeanza na mshale, na siku moja, akiwa na siku ya mapumziko, angeuzima na kutembea mwenyewe.

Alinyamaza, kisha akasema jambo lililonipa moyo. Alisema mwezi wake wa kwanza kwenye bodaboda alitumia ramani ya simu, akawa hajui mji. Bando lilipomwishia ndipo alipoijua Tanga.

Kuna kitu kikubwa kuliko mshale, nacho ni uzito wa tendo lako. Katika Morrowind ungeweza kumwua mtu yeyote, hata yule ambaye hadithi yote inamtegemea. Gemu ilikuletea maandishi kwamba uzi wa unabii umekatika. Rudi ulipohifadhi, au endelea kuishi katika dunia uliyoiharibu mwenyewe. Niliposoma maneno yale mara ya kwanza mikono iliniganda kwenye kibodi. Kuanzia Oblivion mtu wa namna hiyo hafi. Unampiga, anaanguka au anapiga magoti, anapumzika kidogo, anasimama na kuendelea na kazi zake kama vile hukumfanya kitu. Msimulizi anapokuambia kwamba hata ufanye nini hadithi yake haitikisiki, amekutoa mezani.

Studio hujitetea, au watetezi wake hujitetea kwa niaba yake, kwamba gemu za leo ni kubwa na ghali, haziwezi tena kubeba uzito wa namna ile. Utetezi huu nauona umevunjwa mara mbili. Mwaka 2010 studio nyingine, Obsidian, ilipewa mitambo ileile ya Bethesda iliyotengenezea Fallout 3, ikatengeneza Fallout: New Vegas. Mishale imo, sauti zimo. Lakini kila kundi jangwani linakumbuka ulilolitenda, karibu kila mtu anaweza kufa, na mwisho wa gemu unaambiwa mmoja mmoja nini kiliwapata watu uliopita kwao. Mara ya pili ni Agosti 2023, pale Larian ya Ubelgiji ilipotoa Baldur's Gate 3. Watu wote unaokutana nao wanazungumza kwa sauti, na dadu yenyewe inavingirika mbele ya macho yako kama ile ya 1974. Ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka, na iliuzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo watu wengi wanaweza kupenda kitu kigumu, mradi kimetengenezwa kwa heshima.

Mwezi uliofuata, Septemba 2023, Bethesda ikatoa Starfield, gemu yake kubwa ya kwanza tangu Microsoft iwanunue wamiliki wake kwa dola bilioni 7.5. Kompyuta yangu haiwezi kuibeba. Mteja mmoja wa Raskazone aliniachia mashine yake yenye kadi kubwa ya picha ili niibadilishie feni, akanipa ruhusa nicheze kabla hajaifuata. Nilicheza siku kumi na mbili, na nitakuwa mwadilifu: mwanzoni nilifurahi. Sauti ya mhusika imeondolewa, majibu yameandikwa kamili tena, na asili unayomchagulia mtu wako inakumbukwa kwenye mazungumzo. Hapo nikajua kwamba kelele za wapenzi zimewafikia.

Lakini sayari ni zaidi ya elfu moja, na nyingi zimepangwa na kompyuta. Nilitua kwenye sayari moja ya barafu, nikaingia kwenye maabara iliyotelekezwa, nikasoma maandishi ya watu waliofia humo. Nikasikitika nao. Siku mbili baadaye, kwenye sayari nyingine ya jua tofauti, nikaikuta maabara ileile. Maiti palepale, maandishi yaleyale juu ya meza ileile. Nilizima mashine. Bibi yangu alikuwa na kisima kimoja tu kilichobomoka ukingo, na kwa kuwa kilikuwa kimoja, niliweza kurudi kwacho nikaanza upya. Ukiwa na visima elfu vinavyofanana huna pa kurudi.

Mwalimu bado hakubaliani nami kwa yote. Anaona nawadai watengenezaji kitu ambacho soko halikiombi. Kijana amekubali nusu: mshale abaki nao, lakini watu wafe wakiuawa. Hapo ndipo tulipofika Jumamosi iliyopita, kahawa ikiwa imeisha.

The Elder Scrolls VI ilitangazwa Juni 2018, kwa kipande kifupi cha video chenye milima na bahari, na mpaka tunakaa barazani wiki hii haijatoka. Kuisubiri si lazima. Morrowind inachezeka kwenye kompyuta ambazo watu wengi wa Tanga wamezitupa stoo. Kama unayo mojawapo, ilete Ngamiani niifute vumbi. Njoo na kamusi na kaunta buku, na ukishushwa Seyda Neen, kabla hujatoka kijijini, zungumza na kila mtu na uyaandike wanayokwambia.